Tuifupishe Njia ya Luanda

Kiwanja kikuu cha ndege cha Dar es Salaam kina jina la Mwalimu Julius Nyerere. Nje ya jiji la Luanda kipo kiwanja kipya, kilichofunguliwa mwaka 2023, chenye jina la Dk. Agostinho Neto, Rais wa kwanza wa Angola. Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivyo viwili vimetengana kwa kilomita zipatazo 2,850. Ndege ya jeti huumaliza umbali huo kwa muda wa saa nne hivi. Na kwa kuwa saa za Luanda ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, abiria aondokaye hapa saa 2 asubuhi angefika huko saa 4 ya asubuhi hiyo hiyo.

Hiyo ni hesabu ya ramani. Hesabu ya msafiri ni nyingine. Apitiaye Addis Ababa hupanda kwanza kaskazini, kisha huteremka tena kusini-magharibi, na mwendo wake hukaribia kilomita 5,200. Hukaa angani saa saba hivi, mbali na muda wa kungoja ndege ya pili. Mafuta ya zile kilomita 2,350 za ziada lazima yalipiwe, na baadhi ya walipaji ni watumishi wanaosafiri kwa fedha za umma.

Hatuwalaumu ndugu zetu wa Ethiopia. Wamelijenga shirika lao kwa bidii, nalo limewafaa Waafrika wengi. Tunalolikataa ni mazoea ya kuuona mzunguko huo kuwa ni jambo la kawaida.

Wako watakaosema kwamba abiria wa njia hiyo ni wachache, na ndege tupu ni hasara. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jawabu lake limo katika ramani ile ile. Lubumbashi, mji ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili, uko karibu kabisa na mstari wa kutoka Dar es Salaam hadi Luanda. Ndege ikitua hapo, safari nzima haizidi kilomita 3,000, na viti vinavyoachwa na wanaoshuka huweza kujazwa na wanaopanda.

Kinachotakiwa ni ruhusa ya ndege ya nchi moja kuchukua abiria kati ya nchi nyingine mbili. Ruhusa hiyo ilikubaliwa na nchi za Afrika katika Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999. Mwezi Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga ili azimio hilo litekelezwe. Maazimio, basi, tunayo. Kila serikali, ikiwamo yetu, haina budi kujiuliza imefungua njia ngapi tangu siku hiyo.

Kamati ya Ukombozi ya Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na Angola ilijipatia uhuru wake tarehe 11 Novemba, 1975. Katika miaka ile ya taabu, umbali haukututenganisha na wapigania uhuru wa Angola. Itakuwa aibu iwapo leo, tukiwa na viwanja vyenye majina ya waasisi wetu, tutashindwa kuwaunganisha wananchi kwa safari ya saa nne.