Mikono Iliyotengeneza Chipu za Mwanzo

Kila inapotajwa asili ya chipu za kompyuta, hutajwa majina mawili: Jack Kilby wa Texas Instruments, aliyeonesha kifaa chake mwaka 1958, na Robert Noyce wa Fairchild, aliyefuata mwaka 1959. Hatuna ugomvi na majina hayo. Lakini, ndugu wasomaji, kubuni ni jambo moja na kutengeneza ni jingine. Ndani ya Fairchild yenyewe, Noyce aliandika wazo. Jay Last na wenzake ndio waliohangaika hadi chipu ikafanya kazi mwaka 1960.

Chipu hizo za aina ya baipola ndizo zilizojenga kompyuta iliyoongoza safari za Apollo kwenda mwezini. Muundo wake ulikuwa wa Fairchild, ila nyingi zilitoka kampuni nyingine, Philco. Ni wangapi wanaolijua jina hilo?

Nyuma ya majina ya kampuni ipo mikono. Mwaka 1963 Fairchild ilifungua kiwanda Hong Kong, na mwaka 1965 ikaingia Shiprock, New Mexico, katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani. Kiwanda kilipokua kiliajiri watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake. Kazi ilikuwa kuinamia hadubini na kuunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Mwaka 1969 kampuni ilitoa kijitabu kilichofananisha michoro ya chipu na mazulia wanayofuma Wanavajo, kana kwamba wanawake wale walizaliwa na kazi ile vidoleni. Sisi tunaiona hila ndani ya sifa hiyo: mtu akishasifiwa kipaji cha kuzaliwa, ujuzi aliojifunza hauhesabiwi, wala malipo yake hayaulizwi. Mama zetu washonao kofia wataelewa tunalosema.

Mwanzoni mwa 1975 wafanyakazi 140 walipunguzwa kazi. Wanaharakati wa haki za wenyeji, wakiwa na silaha, wakakishika kiwanda kwa takriban wiki moja. Walipotoka, Fairchild haikurudi. Kiwanda kikafungwa, na wanawake waliokuwa wamebaki kazini, ambao hawakushika silaha yoyote, wakapoteza riziki. Kazi kama ile ilikwisha kupata makao Asia, ambako ujira ulikuwa mdogo zaidi, na huko nako wengi walioinamia hadubini walikuwa wanawake.