Barua ya Wazi kwa Makavazi ya Kitaifa: Vijiwe Vitatu vya Babu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,
Nairobi.

Nakuandikia kwa ajili ya babu yangu, tuliyemzika mwaka jana huku Makueni. Jina lake huenda hulijui, wala sikulaumu. Miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa vijana wa Ukambani waliokwenda Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, kuchekecha mchanga na kutafuta visukuku. Alikuwa kibarua wa msimu. Kazi ilikwisha, lakini jangwa halikumtoka.

Hata shambani alitembea ameinama, mikono mgongoni, macho chini. Majirani walidhani ameangusha pesa. Sisi wajukuu alitufundisha kwamba mvua ikinyesha kule, maji hukwangua miteremko na kufunua kilicholala chini, na mtafutaji mwerevu hupita alfajiri, kabla vivuli havijafupika. Akiona kitu, haokoti. Hupanga vijiwe kando yake, kisha akaite wenzake. Siku moja alinipa kipande cha mfupa mkavu, akaniambia niuguse kwa ncha ya ulimi. Ukaninasa. Akanipa na kokoto, nalo halikunasa. Akacheka hadi akakohoa.

Alipozeeka aliuza mbuzi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, akapanda basi hadi Marsabit, akadandia lori la unga kuelekea Kalacha. Bibi alikwisha kuchoka kumuuliza anafuata nini. Nilikwenda naye mara moja tu, nikiwa na miaka 14. Usiku upepo ulivuma hadi nikashika blanketi kwa mikono miwili. Asubuhi akanipeleka ukingoni mwa jangwa la Chalbi, akavua akala zake, akakanyaga ile chumvi kwa nyayo tupu. Ilivunjika chini yake kama chapati iliyokauka. "Hapa palikuwa ziwa," akasema, akasimama kimya, kama mtu aliyefika matangani. Sijawahi kumwona mtu mzima akipenda mahali namna ile. Wagabra waliopita na ngamia wao walimsalimu kama mtu wa nyumbani.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Fuvu lililoipa Koobi Fora sifa duniani aliligundua Bernard Ngeneo mwaka 1972, likiwa limevunjika vipande zaidi ya 150. Namba yake ni KNM-ER 1470. Herufi ER ni za East Rudolf, yaani mashariki ya Rudolf, jina ambalo ziwa lilibandikwa mwaka 1888 kwa heshima ya mrithi wa kiti cha Austria. Mwaka 1975 ziwa likaitwa Turkana, lakini herufi zilibaki. Kwa hiyo mwana wa mfalme, ambaye hakuwahi hata kuyaonja maji yale ya magadi, yumo katika namba ile hadi leo. Aliyeinama akaona hayumo.

Siombi namba zibadilishwe. Najua wataalamu wanazihitaji jinsi zilivyo. Naomba sauti. Mtafuta visukuku Kamoya Kimeu, aliyeona kipande cha kwanza cha kisukuku cha yule kijana wa Nariokotome mwaka 1984, alifariki mwaka 2022, na dunia ikamwomboleza kwa haki. Lakini kambini kulikuwa pia na wapishi, madereva, wachota maji na wachekechaji. Walio hai ni wazee sana, na wengine wako vijijini ambako gari halifiki masika. Tumeni vijana wenye kinasa sauti wakakae nao. Wasiende na fomu ya maswali kumi. Wakae siku mbili, wanywe chai, waulize walijuaje kwamba hiki ni mfupa na kile ni jiwe. Kwa Kikamba, kwa Kiturkana, kwa Kidaasanach, kwa lugha yoyote mzee anayoiotea ndoto. Babu nilimchelewesha mimi mwenyewe. Nilikuwa nikisema nitamrekodi Krismasi.

Ameacha madaftari matatu ya shule, yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Mengi ni michoro ya penseli: vilima, makorongo, mahali alipopata maji. Ukurasa wa mwisho wa daftari la tatu una korongo moja, mgunga mmoja na vijiwe vitatu vilivyopangwa. Pembeni ameandika: "Jino. Sikuligusa." Ilikuwa safari yake ya mwisho kabla magoti hayajamkatalia.

Sitataja korongo hilo hapa, kwa kuwa barua hii itasomwa na kila mtu. Nitakuletea madaftari kwa mkono wangu, siku utakayopanga. Naomba mtu mmoja mwenye miguu mizuri aende huko alfajiri, mvua zikiisha, akaangalie kama vijiwe bado vipo.

Wako kwa heshima,
Mjukuu, Makueni.