MAMA HANA PEPO, MAMA NI MGONJWA

Leo sitabembeleza mtu.

Mama yako ana ugonjwa wa kusahau. Umeshamzoea: anauliza swali moja mara kumi, anaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake. Halafu Jumatatu anaamka mtu mwingine kabisa. Anaona watu ukutani, anakufokea, anakataa chai, ama analala mchana kutwa. Na wewe unapigia waombezi simu: "Kujeni, pepo limeingia."

Nani alikufundisha hivyo? Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miaka. Akibadilika ghafla, kwa saa chache ama siku mbili, mara nyingi kuna kitu mwilini: maambukizi ya mkojo, nimonia, kukosa maji, kufunga choo, ama dawa mpya. Na mzee anaweza kuwa na maambukizi bila mwili kuwa moto. Hawezi kukuambia anachomwa na mkojo, maana maneno yamempotea. Huko kuvurugika ndiko kilio chake. Wewe unakemea kilio!

Na neno "pepo" halibaki sebuleni. Likifika kwa jirani limekuwa "mchawi". Oktoba 2021 kule Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa kuitwa wachawi. Chunga mdomo wako juu ya mzee.

Wengine mnampeleka hospitali, vizuri. Lakini mnamwacha wadi kama mzigo, kisha mnarudi watu ishirini mkiomba kwa kelele. Huyo ni mtu hajui yuko wapi! Na muuguzi hajui mama alikuwaje wiki jana. Wewe ndiye unajua.

Kwa hivyo iwe ni Moi Referral ama hospitali ya karibu, mwambie daktari: "Hii si kawaida yake, imeanza Jumatatu." Beba dawa zote anazotumia. Mletee miwani yake na leso anayoijua. Gawaneni zamu, mtu mmoja mmoja, na muombe ruhusa ya kubaki usiku, maana usiku ndio huvurugika zaidi. Ongea naye lugha ya nyumbani. Usibishane naye. Akitaka kung'oa dripu, mshike mkono, usikimbilie kumfunga. Na akiruhusiwa kwenda nyumbani, usidai akili irudi siku hiyo. Inaweza kuchukua wiki kadhaa.

"Pasta, mimi nilikuwa kesha." Soma Marko 7. Yesu aliwakemea watu waliosema mali ya kusaidia wazazi ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, huku baba na mama wanateseka. Kesha inayokimbia kitanda cha mama ni Korbani. Wiki hii kesha yako iko wadi.

Tunaamini uponyaji? Ndiyo, bila aibu. Omba ukiwa umemshika mkono, kwa sauti ya chini, dawa ikiingia. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Mungu haoni wivu juu ya daktari.

Kabla uandike Amina hapa chini, piga simu nyumbani. Uliza: mama ameamkaje leo?