Kuuliza si ujinga, tena hakulipiwi

Mama mmoja anataka kuanza kuuza chapo na madondo karibu na stage. Akiba yake ni shilingi 6,000. Kabla hajanunua jiko wala unga, kijana fulani anamwambia, "Tuma 1,500 nikutolee PIN ya KRA na cheti cha AGPO." Anatuma. Robo ya mtaji imeenda, na hajauza hata chapati moja.

PIN ya KRA haina ada. Cheti cha AGPO pia hakilipiwi. Hicho huwapa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu nafasi ya kushindania asilimia 30 ya zabuni za serikali, kwa hivyo huyu mama wa chapo hata hakihitaji leo. Angeingia Huduma Centre akauliza, angeambiwa.

Si kila kitu ni bure, tuseme ukweli. Kusajili jina la biashara kwenye eCitizen kuna ada, na leseni ya kaunti ina ada yake. Saiba naye ana haki ya kulipwa akikujazia fomu. Lakini ada ya eCitizen huingia Paybill 222222, si namba ya mtu. Kabla ya kubonyeza "tuma", angalia jina linalotokea.

Na kuna kosa jingine: wengi wetu tunatafuta mkopo kwanza, mawaidha baadaye. Vikundi vinavyoomba Uwezo Fund hufunzwa kabla ya kupewa pesa, na utasikia watu wakilalamika kwamba wanapotezewa wakati. Kwa maoni yangu, hayo mafunzo ndiyo nyama yenyewe. Mkopo utaurudisha, ujuzi ni wako milele. Nenda na daftari. Uliza bei unaipangaje, faida unaitengaje na pesa ya nyumbani, mteja wa deni unamwambiaje.

Kama huna kikundi, tafuta mwenye biashara kama yako kwenye stage ya mbali, ambako hutamharibia soko. Nunua chapo, keti, uliza.

Jambo la mwisho: PIN ya KRA unaweza kuombwa kwa shughuli za biashara. PIN ya simu haombi mtu yeyote wa haki. Anayekusaidia bure hahitaji kuijua.