Intavyu ya Kazi Si Intavyu ya Kesi

Ndugu na dada, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunataka kuongea juu ya meseji moja.

Meseji hiyo ilimfikia mwenzetu wa hapa Nakivale usiku, kupitia LinkedIn. Rikruta, yaani mtu anayetafutia kampuni wafanyakazi, alimwandikia kwamba ameona kazi zake kwenye GitHub, na kwamba kuna kampuni Ulaya inatafuta kijana wa kuanzia anayejua JavaScript, afanye kazi akiwa huku huku. Je, ana nafasi ya kuongea wiki hiyo? Mistari minne tu. Asubuhi mwenzetu alikuja kwetu mbio, hata chai hajanywa. Tulishangilia kama vile mshahara umeshaingia. Mmoja wetu alianza hata kuhesabu mabati ya nyumba.

Siku tano baadaye alifanya intavyu, na alishindwa. Hatuandiki hapa kumcheka. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, na maneno haya ameyasoma kabla yenu. Tunaandika kwa sababu hakushindwa kwa kukosa akili. Swali aliloulizwa alikuwa analijua. Alishindwa kwa sababu alifanya intavyu ya kazi kama mtu anayefanya intavyu ya kesi, na sisi wenzake ndio tulimwandaa hivyo.

Tueleze. Sisi wakimbizi neno intavyu tunalijua kuliko vijana wengi. Wengine wetu tumelijua tangu tukiwa wadogo, tumekaa pembeni ya mama mbele ya meza, mkalimani katikati. Mlitoka kijiji gani? Tarehe ngapi? Mlikuwa watu wangapi? Nani aliwavusha? Kuna intavyu ya kupata hadhi ya ukimbizi, halafu kwa wale wachache faili lao linaposogea, kuna intavyu za kuhamishiwa nchi ya tatu. Kabla ya kuingia, wazazi walitufunza: jibu ulichoulizwa tu, usiongeze. Ukisema Jumanne, ibaki Jumanne hadi mwisho wa maisha. Usibadilishe jibu. Ukianza kusitasita, mama anakukanyaga mguu chini ya meza.

Hatuwalaumu wazazi. Neno moja likipishana na lile la mwaka juzi, familia nzima inabaki inasubiri. Kwa intavyu ya kesi, mafunzo hayo yalikuwa na maana yake. Ila tumeyabeba hadi kwenye intavyu ya kazi, na huko yanatuua.

Angalieni kilichotokea. Mwenzetu alipewa swali hili: una orodha ndefu ya namba, tafuta namba iliyojirudia. Tulifanye la hapa kambini. Una orodha ya namba za kadi za mgao wa chakula, 1,000. Moja imeandikwa mara mbili. Utaipata vipi?

Njia ya kwanza, ile inayokuja kichwani haraka, ni kuchukua kila kadi na kuilinganisha na zote zinazofuata. Inafanya kazi. Lakini kwa kadi 1,000 unaweza kufika ulinganisho 499,500. Njia ya pili, unapita orodha mara moja tu. Kila namba unayoiona unaiweka pembeni kwenye seti, yaani sehemu ambayo kompyuta inaweza kuuliza "hii nimeshaiona?" na kupata jibu bila kupekua vyote. Ukikutana na namba ambayo tayari imo, hiyo ndiyo. Hapo umepita kadi 1,000 tu, ingawa umelipa kwa kutumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta. Hicho ndicho wanachotaka kusikia: njia mbili, kila moja inagharimu nini, na kwa nini umechagua hii.

Mwenzetu alizijua njia zote mbili. Lakini alinyamaza. Alianza na ya kwanza, akaona kichwani kwamba ya pili ni bora, akaogopa kubadilisha. Kubadilisha jibu, kwa mtoto wa kambi, ni kama kukiri umedanganya. Yule mama aliyekuwa anamhoji alimuuliza kwa upole, "Unafikiria nini sasa hivi?" Yeye akajibu, "Hakuna kitu, madamu." Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo: mkubwa anapokutazama, unatulia. Dakika kumi na tano zikapita hivyo. Baada ya siku mbili akapata barua pepe ya shukrani, na tunajua wote maana ya barua pepe ya shukrani. Aliifuta akaunti yake. Wiki mbili hakuja kwenye kikundi.

Sasa maoni yetu ni haya. Kwenye intavyu ya kiufundi, kubadilisha jibu si kosa, mara nyingi ndiyo alama. Kusema "sijui hili, lakini ningeanza kutafuta hapa" si kosa. Kuuliza swali kabla ya kuanza si utovu wa adabu: orodha imepangwa au haijapangwa? Inaweza kuwa tupu? Ikiwa zinazojirudia ni mbili nifanye nini? Anayekuhoji hatafuti uongo wako. Anataka kujua itakuwaje kukaa na wewe mkitengeneza kitu kilichoharibika. Na mtu asiyesikia unavyofikiri hawezi kujua kama unafikiri.

Kwa hiyo kujiandaa si kukariri majibu tu. Ni kuzoesha mdomo. Tangu ile siku, Jumamosi tunakaa wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anaandika kwenye karatasi huku anaongea kwa sauti. Karatasi inatosha, maana laptopu tuko nazo mbili kwa watu kumi na wanne. Mara ya kwanza tulicheka sana, inakuwa kama unaongea peke yako njiani. Mara ya tatu hakuna anayecheka. Tunaanza kwa Kiswahili hadi wazo likae sawa, halafu tunarudia kwa Kiingereza. Tuligundua wengi wetu tulikuwa tunapambana na vitu viwili kwa pamoja, tatizo lenyewe na lugha, na tulidhani tumeshindwa na tatizo.

Jambo la pili, ijue kazi yako mwenyewe. Rikruta aliona GitHub ya mwenzetu, na nusu ya vilivyokuwa mle alivifuata kutoka kwenye vidio, mstari kwa mstari. Alipoulizwa "kwa nini ulitumia hii hapa?" hakuwa na jibu. Ni bora uwe na programu moja ndogo ya kuhesabu madeni ya duka la mjomba, ambayo unaweza kueleza kila mstari na kusema wapi ni mbovu, kuliko kumi za kunakili. Kuna waliopendekeza simu ikae pembeni, akili bandia itoe majibu wakati wa intavyu. Hapana. Swali la kwanza utajibu, la pili litakuwa "kwa nini?", na hapo macho yako yanayokimbia pembeni yanaonekana kwenye kamera. Itumie akili bandia siku zilizotangulia, ikuulize maswali. Hiyo ni halali kabisa.

Tatu, mambo madogo yanayoangusha watu wakubwa. Saa. Wakiandika 10:00 ya Berlin, majira ya baridi kwetu Uganda ni saa sita mchana, na majira yao ya joto ni saa tano. Tuko na mtu aliyesoma "10" akakaa akisubiri saa kumi jioni, na intavyu ilishapita tangu mchana. Andika kwenye karatasi saa ya kwao, saa ya kwetu, na ubandike ukutani. Betri ijae tangu jana yake, maana sola haijui una miadi. Bando la kutosha vidio, na namba ya simu ya mhoji kama mtandao ukikatika. Na ukikatika, waandikie mara moja. Mtandao kukatika hakuna aibu. Kupotea kimya ndiyo aibu.

Nne, kabla ya haya yote, hakikisha meseji ni ya kweli. Meseji isiyotarajiwa inaweza kuwa mlango, na inaweza kuwa shimo. Vijana wa Uganda na Kenya waliahidiwa kazi nzuri za kompyuta Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ya usajili. Hakuombi picha ya kitambulisho cha ukimbizi kabla hamjaongea. Na mtu usiyemjua akikutumia faili la "jaribio" ulifungue kwenye kompyuta yako, kuwa makini, kuna wezi wanaotumia njia hiyo hiyo kupandikiza virusi. Tafuta tovuti ya kampuni wewe mwenyewe, waandikie kwa anwani iliyoko pale, uliza kama mtu huyo ni wao. Kuuliza hakukuondolei kazi ya kweli.

Kuna wenzetu watasema: haya yote ya nini, nani atamwajiri mkimbizi? Tunawaelewa, na hatutawadanganya. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na hiyo ni haki ambayo wenzetu wa nchi nyingi hawana. Lakini sheria kukuruhusu na benki kukufungulia akaunti ni mambo mawili. Ushauri wetu ni kuuliza mapema, kwenye simu ya kwanza kabisa: mnalipa kwa njia gani, mnahitaji hati zipi? Kama hawawezi, ujue siku ya kwanza, usije kujua baada ya wiki tatu za matumaini. Na je, useme kwamba wewe ni mkimbizi? Ni siri yako na ni uamuzi wako. Ila ukisema, sema kama unavyosema unakaa wapi. Usianze kusimulia vita. Hapa haupo mbele ya meza ile. Hawahitaji machozi yako ili wakuamini.

Sasa neno kwa wafanyakazi wa mashirika. Tunawaheshimu, na bila nyinyi wengi wetu tusingegusa kompyuta. Lakini tusemezane kama watu wa nyumba moja. Mwenzetu alikuwa na vyeti vitatu vya mafunzo ya kompyuta. Vyote vitatu vilianza na "hii ni kibodi, hii ni kipanya". Hakuna hata kimoja kilichomkalisha mbele ya mgeni na kumwambia, tatua hili huku unaongea. Ripoti ikihesabu vyeti tu, tutapewa vyeti tu. Tunaomba mhesabu kitu kingine: vijana wangapi mwezi huu wamefanya intavyu ya majaribio na mtu wasiyemjua?

Haihitaji bajeti kubwa. Kuna vyumba vya ofisi vinakaa vitupu baada ya saa kumi na moja jioni. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, umeme na intaneti, kwa saa moja, ni kitu ambacho kijana anayekaa na wadogo zake sita kwenye hema hawezi kukinunua. Na wengi wenu mko na marafiki, au dada na kaka, wanaofanya kazi hizi za kompyuta Kampala, Nairobi na Ulaya. Tuombeeni nusu saa ya mmoja wao kwa mwezi. Asitufundishe. Atuulize maswali tu, atuache tushindwe mbele yake, halafu atuambie kwa nini.

Mwenzetu amerudi. Amefungua akaunti upya, na Jumamosi iliyopita ndiye aliyekuwa muulizaji. Kijana wa watu kumi na sita, mgeni kabisa, alikuwa amekwama na orodha ile ile ya kadi za mgao. Alikaa kimya, kichwa chini, kalamu mkononi. Mwenzetu hakumpa jibu. Alimwambia tu, "Mdogo wangu, hapa hakuna faili lako. Kosea kwa sauti."

Kijana akaanza kuongea. Alikosea mara mbili, akajirekebisha, akafika.

Meseji nyingine itakuja, kwa mmoja wetu, usiku, bila hodi. Hatujui ni nani. Ndiyo maana tunafanya mazoezi wote. Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mti uliopo nyuma ya kanisa. Njoo na karatasi.