Elektroniki Dutumi ianzie kwenye USB

Anayetaka kufundisha vijana elektroniki Dutumi, Kibaha, ana sababu nzuri ya kuanza na TinyUSB, maktaba huria ya msimbo inayoiwezesha maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, kuwasiliana na kompyuta kwa USB. Gharama ni ndogo: Raspberry Pi Pico, ubao mdogo wenye maikrokontrola, ilipotoka Januari 2021 bei yake ilikuwa dola 4, na leseni ya TinyUSB inaruhusu mtu kuibadilisha, hata kuuza kifaa alichokitengeneza kwayo. Kubwa zaidi ni kazi inayoepukwa. Kifaa kikichomekwa, kompyuta hukiuliza kwanza maelezo yake, baiti 18 tu, na kosa dogo humo linaweza kukifanya kikataliwe. Maktaba hubeba mazungumzo hayo yote; mwanafunzi anafungua mfano wa kibodi, anabadilisha herufi inayotumwa, na kuiona papo hapo kwenye skrini.

Wapo watakaosema cha bure hakiaminiki. Lakini CircuitPython, lugha ya kuprogramu maikrokontrola inayotumika sana kufundishia, imejengwa juu ya maktaba hiyohiyo. Pingamizi zito ni kwamba maelekezo yake yako kwa Kiingereza, na hilo linamwacha nje kijana mwerevu ambaye lugha hiyo bado inampiga chenga. Si sababu ya kungoja. Kurasa chache za Kiswahili, zenye hatua za kupakua, kuunganisha na kupakia programu kwenye Pico, zinatosha kwa mwanzo. Walimu wa fizikia na kompyuta mkoani Pwani, ziandikeni, kisha mzigawe bure.