Viza ya muda isigeuke kiti cha maisha

Hapa Mabanga kuna kijana mwenye diplome ya jeoloji ambaye ni motari. Diplome iko nyumbani, ndani ya plastiki, juu ya kabati. Si yeye peke yake, tunajua wengi. Kila mara wanapouliza kazi kwa makampuni ya madini, jibu ni lile lile: pahali pale kuna mtaalamu kutoka inje.

Siye wa sendika hatuna vita na mgeni. Mgodi wa Bisie, huko Walikale, ulioanza kutoa kasiteriti ya kiwanda mwaka 2019, haukuchimbwa kwa jembe na kitiyo. Kushuka chini ya ardhi na mashine kubwa kunaomba watu waliokwisha kufanya hivyo kwingine, na Waostralia ni mabingwa wa kazi hiyo. Waje. Swali letu ni lingine: wanakuja kwa muda gani, na nani atabaki na ufundi wao?

Kwa sheria, mgeni anahitaji viza ya kazi kutoka DGM na karte ya kazi ya mgeni, ambayo mwajiri anaiomba kwa tume ya taifa kule Kinshasa. Tena, tangu 1969 kuna kodi ya pekee juu ya mishahara ya wageni, ili patron aone faida ya kuajiri Mkongomani. Kodi hiyo ni 25%. Lakini Kode ya Madini, iliyorekebishwa 2018, inawaachia wachimbaji 12,5% kwa miaka 10 ya kwanza ya mradi. Yaani pale vijana wetu wanapotaka sana kuingia, ndipo kamba imelegezwa.

Sasa tuangalie kwao Australia. Kampuni ikitaka kuleta mfanyakazi wa inje kwa viza ya muda, kwa kawaida lazima kwanza itangaze kazi ile majuma 4, ili ionekane kama mwana-inchi hayupo. Kisha inalipa kwa kila mgeni mchango wa kufundisha wananchi: dola 1.200 za kwao kwa mwaka kama ni kampuni ndogo, 1.800 kama ni kubwa. Hakuna anayewaita wabaguzi kwa hiyo. Juu ya nini siye tukiomba kitu kama hicho tunaambiwa tunafukuza wawekezaji?

Tulishaona, katika kampuni moja tusiyoitaja, mgeni aliyeandikwa « mtaalamu », kumbe kazi yake ni kuhesabu mafuta ya magari. Mkongomani ndiye aliyemfundisha kusoma kipimo cha tanki! Mwingine alifanya kazi na viza ya safari. Ikikaribia kwisha, anavuka Gisenyi, analala huko, anarudi na nyingine. Huyo naye tunamhurumia. Akivunjika mguu shimoni, bila kontra halali na bila CNSS, nani atamtunza? Patron atasema hamjui.

Makampuni yanasema wenye ujuzi hawapo. Inawezekana, mwaka wa kwanza. Mwaka wa sita bado jibu ni hilo hilo, basi kuna aliyekataa kufundisha.

Kwa hiyo tunaomba Wizara ya Kazi: kabla ya kutoa karte, kazi itangazwe kwanza ONEM na kubandikwa kwenye lango la mgodi, kwa Kifaransa na Kiswahili. Kando ya jina la mgeni liandikwe jina la Mkongomani anayejifunza naye, na INPP impime. Mgeni akirudi kuomba karte ipya, inspekta wa kazi aite kwanza yule Mkongomani, amuulize mbele ya delege wa sendika amefundishwa nini. Kama hakuna jina, au jina ni la mpishi wa kambi, karte isitoke.

Kijana wetu wa motari ameshaandika barua yake. Tunayo ofisini, pamoja na za wenzake.